Usinunue Spidi Kabla Hujapanga Foleni

Ukilalamika Musoma mjini kwamba intaneti ya nyumbani inasumbua jioni, ushauri ni ule ule: panda kifurushi. Muuza laini atakwambia hivyo, jirani atakwambia hivyo, na fundi aliyekuja kufunga ruta, akiwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine Bweri, atakwambia hivyo hivyo. Nyumba iliyokuwa na megabiti 10 kwa sekunde inapanda hadi 20, bili inapanda nayo, na kabla mwezi haujaisha simu ya video ya binti anayesoma Dodoma inaganda tena, sura imesimama na sauti inakuja vipande vipande.

Malalamiko yenyewe, ukiyasikiliza vizuri, yana jibu ndani yake. "Fundi, YouTube inacheza vizuri kabisa, ila nikipiga simu ya WhatsApp naongea peke yangu." Anayesema hivyo ameshapima mtandao wake bila kujua. YouTube inahitaji spidi, na spidi anayo. Simu inahitaji pakiti zake ndogo zifike kwa wakati, moja baada ya nyingine, zisikwame nyuma ya mzigo wa mtu mwingine. Hilo halimo ndani ya kifurushi chochote. Linapangwa kwenye ruta, katika ukurasa wa vipaumbele ulioandikwa QoS ambao wenye nyumba wengi hawajawahi kuufungua.

Nitaeleza namna ya kulipanga. Lakini kwanza tujue tatizo linakaa wapi, kwa sababu sheria nyingi za vipaumbele ninazozikuta kwenye ruta za watu zimewekwa mahali ambapo hakuna foleni ya kupanga.

Watu hupima intaneti kwa kushusha. Ukimuuliza mtu spidi yake atakutajia namba ya kushusha tu, kana kwamba data haitoki nyumbani kwake kwenda popote. Balaa nyingi huanzia upande wa kupakia. Chukua nyumba ya Nyasho inayotumia ruta ya laini ya simu. Jumamosi usiku mama mwenye nyumba amerudi kutoka harusini Bunda na picha 30 kwenye simu, kila moja megabaiti 4. Akiingia tu ndani, simu inashika WiFi na kuanza kuzipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni, kimya kimya. Megabaiti 120 ni megabiti 960. Kama njia ya kupakia ni megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni kazi ya dakika 8. Katika dakika hizo simu haibembelezi. Inamimina data hadi bafa ya modemu, yaani kumbukumbu ambamo pakiti husubiri zamu, ijae. Bafa ya kilobaiti 512 ikijaa kwenye njia ya megabiti 2 inahitaji sekunde 2 kumaliza kutoka, na kila pakiti ya sauti itakayofika baada ya hapo inakaa nyuma ya sekunde hizo 2. Pendekezo la Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) namba G.114 linataka sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150 ili watu waongee bila kukatizana. Hapa pakiti imeshapoteza milisekunde 2,000 kabla haijatoka sebuleni.

Kibaya zaidi, kushusha nako kunaumia. Kompyuta inayoshusha faili hulazimika kurudisha risiti ndogo ndogo kumwambia mtumaji kwamba mzigo umefika, na risiti hizo hupita njia ile ile ya kupakia. Zikikwama, mtumaji anadhani njia imeziba na anapunguza kasi. Ndiyo maana nyumba yenye megabiti 20 za kushusha inaweza kushindwa kufungua ukurasa wa benki kwa sababu ya picha za harusi.

Si ugonjwa mpya. Oktoba 1986 mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo yaliyoachana kwa yadi 400 tu, ulianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson alilichunguza anguko hilo, na mwaka 1988 akachapisha kanuni ambazo hadi leo zinaifanya kompyuta ipunguze kasi inapoona pakiti zimepotea. Kanuni hizo zilitegemea pakiti zipotee mapema. Miaka iliyofuata kumbukumbu za kielektroniki zikawa rahisi, watengenezaji wakajaza bafa kubwa kwenye kila kifaa ili pakiti isipotee hata moja, na kompyuta ikakosa ile ishara ya kuiambia ipunguze. Mwaka 2010 mhandisi Mmarekani Jim Gettys aliikuta hali hiyo nyumbani kwake akiwa anahamisha mafaili, akaipa jina linalotumika mpaka leo, "bufferbloat", yaani bafa iliyovimba. Mwaka 2012 Jacobson huyo huyo, pamoja na Kathleen Nichols, wakatoa dawa inayoitwa CoDel. Inapima muda ambao pakiti imekaa kwenye foleni, na muda ukizidi kiasi inaitupa pakiti ili mtumaji apate habari. Ikaongezwa utaratibu wa kugawa zamu kwa haki, ikawa FQ-CoDel, ambayo tangu Januari 2018 ina hati yake iliyochapishwa, RFC 8290. Mwaka huo huo CAKE, iliyokusanya mambo hayo yote katika chombo kimoja cha kusimamia foleni, ikaingizwa ndani ya Linux.

Utaratibu huo wa zamu mtu wa mkoa wetu wa Mara hahitaji kuelezwa sana kama amewahi kwenda mashine ya kusaga. Mfanyabiashara amekuja na magunia 20 ya mahindi, na nyuma yake kuna mtoto ametumwa na kisado kimoja cha mtama. Mwenye mashine mwenye akili hamwambii mtoto asubiri magunia 20 yaishe. Anamsagia katikati ya gunia na gunia, na mfanyabiashara hata hasikii tofauti. FQ-CoDel inafanya hivyo kwa pakiti. Simu ya sauti ni kisado, picha za harusi ni magunia. Haihitaji kuambiwa nani ni nani. Inaona yenyewe nani kaleta kidogo.

Ila mwenye mashine anaweza kupanga foleni iliyo mlangoni kwake tu. Huo ndio ufunguo wa mambo yote haya, na ndiyo sehemu inayorukwa na watu wengi. Kama ruta yako inaweza kutoa megabiti 100 kwa sekunde kwenda kwenye modemu, na modemu inaweza kutoa 2 tu kwenda mnarani, foleni itajengeka ndani ya modemu, ambako ruta haina mamlaka. Utaandika sheria nzuri, utaweka simu ya mkuu wa kaya juu kabisa, na hakuna kitakachobadilika, kwa sababu mlangoni pa ruta hakuna anayesubiri. Dawa ni kuibana ruta makusudi: iambie itoe kiasi kidogo chini ya kile ambacho laini inaweza kubeba. Foleni itahama kutoka kwenye modemu na kuja kwenye ruta. Unatoa sadaka asilimia 10 au 15 ya spidi, unapata mamlaka juu ya foleni. Wateja huwa hawapendi kusikia hivyo. Mtu aliyelipia 20 anataka kuona 20, na ukimwonyesha 17 anahisi umemwibia. Mpigie simu ya video wakati mtoto wake anashusha mchezo ndipo muendelee na mabishano.

Sasa, upunguze kutoka namba ipi? Mkoa wa Mara una nyumba za namna mbili. Ipo inayopata faiba. Mkongo wa Taifa unapita nchini, TTCL ina huduma yake ya Faiba Mlangoni Kwako, na kampuni nyingine zina zao. Pale zinapofika, spidi huwa imetulia, ikipimwa asubuhi na usiku haitofautiani sana. Nyumba hiyo kuipanga ni kazi ya nusu saa. Halafu ipo nyumba ya ruta ya laini, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel au TTCL, iliyowekwa dirishani ikitazama mnara. Ukitoka mjini kuelekea vijiji vya Butiama, au ukikaa Bunda nje ya barabara kuu ya Mwanza, uwezekano mkubwa ni kwamba hiyo ndiyo nyumba yako. Huko spidi haina namba moja. Saa nne asubuhi unapata 25, saa mbili usiku, kila mtu akiwa amerudi nyumbani, unapata 6.

Tena kwa nyumba ya laini, upande wa kupakia ndio unaodhoofika kwanza kadiri unavyokwenda mbali na mnara, na sababu yake ni ya kifizikia. Mnara hurusha kwa nguvu ya makumi ya wati. Kifaa chako cha 4G kwa kawaida hakiruhusiwi kuzidi miliwati 200. Unausikia mnara vizuri, mnara unakusikia kwa shida. Kwa hiyo kabla hujagusa sheria yoyote, sogeza ruta. Itoe nyuma ya televisheni, ipeleke kwenye dirisha la upande wa mnara, mbali na bati na nondo, kisha upime tena. Nyumba nyingine hupata nafuu kubwa kwa hatua hiyo peke yake.

Kupima kwenyewe kuna namna yake. Usipime saa tano asubuhi nyumba ikiwa tupu. Pima kati ya saa moja na saa nne usiku, kwa siku kadhaa, tena kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya ili WiFi isikudanganye. Tovuti ya fast.com, inayoendeshwa na Netflix, ukifungua maelezo zaidi inakuonyesha muda wa kwenda na kurudi mara mbili: laini ikiwa tupu na laini ikiwa imejaa. Angalia tofauti ya namba hizo mbili kabla hujaangalia spidi. Ikiwa tupu ni milisekunde 40 na imejaa ni 60, huna tatizo la foleni, tafuta mchawi mwingine. Ikiwa tupu ni 40 na imejaa ni 900, umempata. Kumbuka pia kwamba kupima kunakula bando: jaribio la sekunde 15 kwenye laini ya megabiti 20 ni karibu megabaiti 38, na mtu mwenye shauku akilirudia kutwa nzima atashangaa kifurushi kimekwenda wapi.

Tuseme usiku umepata, katika vipimo vyako vya chini, megabiti 14 kushusha na 2.4 kupakia. Andika 12 na 2.1. Vifaa vingi hutaka namba hizo kwa kilobiti, yaani 12000 na 2100, na hapo ndipo watu wanapochanganya biti na baiti. Baiti moja ni biti 8, na ukikosea hapo utakuwa umejibana mara nane. Pima tena. Ikiwa muda wa laini iliyojaa bado uko juu, shusha kidogo. Muda huo ukitulia, pandisha namba kidogo kidogo mpaka uone unaanza kuharibika, kisha rudi hatua moja.

Kwenye ruta inayoendeshwa na programu huria ya OpenWrt kazi hii inafanywa na kifurushi cha programu kinachoitwa SQM: unachagua mlango unaotoka nje, unaweka namba mbili, unachagua CAKE, unahifadhi. Kwenye ruta za MikroTik, ambazo mafundi wa hapa wanazipenda, toleo la 7 la RouterOS linazo CAKE na FQ-CoDel kati ya aina za foleni. Ila kuna mtego mmoja ambao nimeukuta mara nyingi kiasi kwamba sasa ndio ninaouangalia kwanza. MikroTik ikitoka kiwandani ina sheria ya fasttrack kwenye ukuta wake wa moto, inayopitisha mawasiliano kwa njia ya mkato ili kuipunguzia kazi prosesa. Njia hiyo ya mkato inaruka foleni rahisi ulizoandika. Fundi anaweka foleni, anaondoka. Ukifungua unaona kaunta ziko sifuri au zinasogea kwa kuchechemea huku nyumba nzima inatazama mpira. Zima sheria hiyo, kaunta zitaanza kukimbia.

Ruta nyingi za laini zinazotolewa na kampuni za simu hazina ukurasa wa QoS kabisa, au zinao wa kupamba tu. Hapo usibishane na kifaa. Nunua ruta ndogo inayokubali OpenWrt, au MikroTik, vuta waya kutoka ruta ya laini hadi mlango wa WAN wa ruta mpya, na uzime WiFi ya ile ya zamani. Usipoizima kila kitu ni bure, maana simu mbili zilizobaki zikitumia WiFi ya zamani zinapita pembeni ya foleni yako na kujaza modemu kama kawaida. Na kwa kuwa laini ya simu inapanda na kushuka, zipo hati ndogo za OpenWrt, moja ikiitwa cake-autorate, zinazopima muda wa kwenda na kurudi kila wakati na kupunguza au kuongeza kikomo zenyewe. Kwa nyumba ya Butiama inayopata 25 asubuhi na 6 usiku, hiyo ni bora kuliko namba moja iliyogandishwa, ingawa inataka mtu asiyeogopa kuandika amri.

Nimefika mbali bila kugusa swali ambalo kila mtu huanza nalo: nani atangulie? Nimefanya makusudi. Ukishaleta foleni nyumbani na kuipa zamu za haki, zaidi ya nusu ya ugomvi huisha bila kutaja jina la mtu. Vipaumbele ni kwa ajili ya kile kinachobaki.

Na hapa busara ya zamani inatuangusha. Miongozo mingi ya zamani inakufundisha kupanga kwa namba za milango: barua pepe mlango huu, tovuti mlango ule. Enzi hizo zimepita. Leo YouTube, benki, Instagram, masomo ya mtandaoni na mikeka ya kubashiri vyote hupita mlango namba 443, vikiwa vimefungwa kwa siri, na tangu kiwango cha QUIC kiidhinishwe Mei 2021 hata umbo la mawasiliano yenyewe limezidi kufichika. Ruta haioni ndani. Kinachobaki ni kuangalia kifaa, au alama ya DSCP ambayo programu nyingine huibandika kwenye pakiti, kama ile ya 46 inayotumiwa na simu za sauti za ofisini.

Kwa hiyo panga kwa vifaa, na matabaka yasizidi matatu. Mpangilio wa kawaida wa CAKE nao una matatu: la sauti, la kawaida na la mizigo. Juu weka kifaa kimoja au viwili vinavyofanya kazi ya moja kwa moja, kama laptopu ya mwalimu anayefundisha kwa Zoom. Chini weka vile visivyo na haraka: kamera za ulinzi zinazopeleka picha mtandaoni, televisheni inayojisasisha, kompyuta ya bakapu. Katikati waache wengine wote. Nimeona ruta ya nyumba moja ambapo vifaa 11 kati ya 14 vilikuwa tabaka la juu, kwa sababu kila aliyelalamika alipandishwa. Wote wakiwa juu hakuna aliye juu.

Sentensi ngumu kwa wazee wenzangu: simu ya baba haistahili tabaka la juu kwa sababu ni ya baba. Katika nyumba zetu mwenye ruta ndiye mwenye nenosiri, na mwenye nenosiri hujipendelea. Kisha mechi ya Simba na Yanga inacheza bila kukwama huku mtoto aliye kwenye usaili wa kazi kwa video anatoka jasho. Mechi ina akiba ya sekunde kadhaa mbele yake, usaili hauna. Mechi ikichelewa sekunde 5 hakuna anayejua, isipokuwa jirani akishangilia goli kabla yako. Ndiyo maana kuipa mechi kipaumbele ni kupoteza kipaumbele.

Kikwazo kimoja cha kupanga kwa kifaa: ruta inakitambua kifaa kwa anwani yake ya MAC, na simu za siku hizi, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14, hutumia anwani ya kubuni kwa ajili ya faragha. Mtu akifuta mtandao kwenye simu na kuunganisha upya, simu inaweza kurudi na sura nyingine na sheria yako haiijui tena. Kwa mtandao wa nyumbani, zima anwani hiyo ya kubuni kwenye vifaa unavyovipangia.

Kuna hali ambayo naiona zaidi Bunda na Musoma kuliko mwongozo wowote ulioandikwa ng'ambo, nayo ni uwanja wenye wapangaji. Vyumba sita, ruta moja, mwenye nyumba anakusanya mchango wa kila mwezi. Hapo zamu zikigawiwa kwa mawasiliano, chumba chenye programu inayofungua njia 40 kwa pamoja kushusha filamu kinachukua zamu 40, na mwenye simu moja anapata 1. Haki inapaswa igawiwe kwa kichwa. CAKE inaweza kugawa kwa anwani ya kila kifaa kwanza, halafu ndani ya kifaa igawe kwa mawasiliano. Kwenye MikroTik, aina ya foleni ya PCQ hufanya kazi inayofanana. Angalia tu kwamba aliye na simu, laptopu na televisheni bado ni vichwa vitatu machoni pa ruta. Kama mchango ni sawa na vyumba mnaviheshimu, kila chumba kipewe foleni yake, inayoruhusiwa kukopa kisichotumika na wengine. Kikomo kigumu bila kukopa ni uchoyo usiomnufaisha mtu: saa nane usiku mpangaji mmoja yuko macho na laini nzima iko tupu, kwa nini abanwe kwenye megabiti 2?

Steshenari nazo ni nyumba za aina yake. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, duka lenye kompyuta mbili na skana linakuwa na vijana hadi nje, kila mmoja na vyeti vya kupandisha kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Kazi yote hiyo ni ya kupakia, ile njia nyembamba. Na mara nyingi mwenye duka ameifungulia wazi WiFi kwa wanaosubiri, ambao simu zao zinapakia vitu vyao kwa wakati huo huo. Duka la namna hiyo liwe na mtandao wa wageni uliobanwa kupakia, tuseme kilobiti 300 kwa wote pamoja, na kompyuta za kazi ziachiwe kilichobaki. Sheria moja tu. Ni katika sheria chache za vipaumbele ninazojua kwamba zinalipa fedha taslimu siku hiyo hiyo.

WiFi niiguse kwa ufupi. Wakati mwingine foleni haiko kwenye laini kabisa, iko hewani. Chumba cha nyuma, kuta mbili za matofali, masafa ya 2.4 yaliyojaa ruta za majirani, simu inasikika kwa taabu na kila pakiti inarudiwa. Kifaa kimoja dhaifu kinakula muda wa hewa wa wote. Ukipima kwa waya ukapata vizuri na kwa WiFi vibaya, usiguse QoS. Ongeza kituo cha pili cha WiFi kwa waya, vifaa vya karibu uvihamishie masafa ya 5, na mpangilio wa WMM usiuzime hata kama fundi kakwambia unapunguza kasi, kwa sababu ndio unaotenganisha sauti, video, kawaida na mizigo hewani.

Yapo ambayo hakuna sheria ya ruta itakayoyaweza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, ziliharibika, na intaneti ya Tanzania na majirani kadhaa ikazorota kwa siku kadhaa. Nilipokea simu za watu waliotaka ruta zao ziangaliwe. Hapakuwa na cha kuangalia. Foleni ilikuwa baharini. Vivyo hivyo mnara uliofurika watu siku ya mnada au sherehe, na kifurushi kilichofika kiwango chake na kampuni ikakipunguzia spidi hadi chini. Hapo unaweza kushusha kikomo chako kifuate hali, simu ya sauti ikapona, lakini video iage. Simu ya sauti inaridhika na chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, na kwa foleni iliyopangwa utaipata hata laini ikiwa imebaki na megabiti 1.

Umeme pia. Ukikatika na kurudi, simu zote na televisheni hujiunga kwa mpigo mmoja na kuanza kusasisha yaliyolala. Ndizo dakika mbaya kuliko zote za siku, na ndipo utajua kama sheria zako zimehifadhiwa au zilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Baada ya kuweka kila kitu, zima ruta, iwashe, fungua ukurasa uangalie. Betri ndogo ya ruta ya volti 12 nayo ni fedha iliyotumika vizuri kuliko kupanda kifurushi.

Ukienda Barabara ya Mukendo kununua ruta, usimuulize muuzaji ina antena ngapi. Muulize kama ina SQM, au kama inakubali OpenWrt, na kama hajui, omba kuona ukurasa wake wa usimamizi kabla hujalipa. Ukikuta mahali pa kuweka kikomo cha kupakia na kushusha kwa laini nzima, unaweza kuanzia hapo. Ukikuta kitufe kimoja tu cha "mchezo" au "filamu", rudisha sandukuni.

Na kwa kampuni zinazotugawia ruta za laini, nina ombi moja. FQ-CoDel na CAKE ni programu huria, hazina ada ya leseni, na zimo ndani ya Linux ambayo nyingi ya ruta hizo tayari zinaitumia. Ziwasheni kabla hamjaleta ruta hizo Mara.